Kisima cha Kigingi cha Thelathini na Moja

Sogezeni vigoda. Hii si hadithi ya kulalia. Ni kesi, tena kesi yenyewe haijaisha, na nikifika mwisho nitawaachia ninyi. Msije mkasema hamkuambiwa.

Palikuwa na watu watatu kijijini Endasheri, na kila mmoja alikuwa na kipawa ambacho wenzake hawakuwa nacho. Wa kwanza aliyaona maji kwa umeme. Wa pili aliyaona kwa ulimi. Wa tatu hakuyaona kabisa. Kipawa chake kilikuwa kutembea kwa hatua zinazolingana. Mnaweza kucheka, lakini ngojeni kwanza.

Palikuwa pia na Mwalimu Basilisa, ambaye hakuwa na kipawa chochote cha maji. Alifundisha hesabu darasa la sita. Ndiye aliyepewa kazi ya kuamua, kwa sababu mbili ambazo hata si sifa: alikuwa ameolewa kutoka ng'ambo ya mlima, kwa hiyo hakuwa wa ukoo wa mtu yeyote pale, na hakuwa na ng'ombe hata mmoja, kwa hiyo hakuwa na cha kunywesha. "Mwalimu hana upande," wazee walisema, wakampigia makofi, kisha wakaenda zao kukaa. Kuna heshima za namna hiyo, ambazo ukishapewa unabaki umesimama peke yako.

Endasheri iko kando ya ziwa. Mgeni akisikia hivyo husema, basi maji si tatizo. Lakini ziwa lile ni la magadi, na ukinywa maji yake utatamani kiu yako ya mwanzo. Maji ya kunywa yalitoka kwenye chemchemi ya mlimani, mwendo wa saa nne kwenda na kurudi, na walioyafuata walikuwa wasichana wa darasa la Basilisa. Kwenye daftari lake la mahudhurio, Jumanne na Ijumaa zilitoboka kama chekeche.

Sasa shikeni sheria yao, maana kesi yote imekaa juu yake. Endasheri, anayepata maji ndiye anayekunywa kwanza, mbele ya watu wote. Kabla hajanywa, kisima hakijafunguliwa na hakuna anayetia dumu. Akishakunywa, kisima kinaitwa kwa jina lake, na nyumba yake inapata nafasi ya kwanza kwenye birika la kunyweshea, yeye na wanawe na wajukuu wake, masika na kiangazi. Tena ni mtu mmoja tu. Waliwahi kuwaruhusu wawili kwenye kisima cha bondeni. Wawili hao wakagombea zamu mpaka mmoja akakifukia kisima kwa mawe, kwamba afadhali wakose wote. Tangu hapo hakuna tena habari ya wawili.

Tuanze na mtu wa umeme.

Alikuwa Bwana Eliakimu Mshana, mtaalamu kutoka mjini, aliyekuja na betri mbili za gari, waya mrefu uliozungushwa kwenye magurudumu, na vigingi vya chuma arobaini na nane. Siku ya mkutano wa kijiji alizungumza nusu saa nzima kuhusu "mienendo ya kihaidrolojia ya bonde", na watu wakaitikia kwa vichwa kwa adabu, mpaka Basilisa, ambaye naye alipita chuo na anajua maneno makubwa huficha nini, aliponyoosha mkono.

"Bwana Mshana, hayo yote ungekuwa unamweleza mama yako, ungesemaje?"

Mshana akavua miwani akaifuta. "Ningesema hivi. Mwamba mkavu unaukataa umeme. Maji ya chumvi yanaupokea haraka mno. Maji matamu yaliyomo kwenye changarawe yako katikati, hayaukatai wala hayaukimbilii. Nikipitisha umeme ardhini kutoka kigingi hadi kigingi, nachora picha ya huko chini. Nitajua maji ya mvua ya mlimani yanapita wapi yakishuka ziwani."

"Sasa umesema," Basilisa akamjibu. Watu wakacheka, na Mshana akacheka nao. Hilo tumpe.

Jioni moja alitega vigingi vyake katika mstari mmoja ulionyooka, sambamba na ufuko, akaviacha vimesimama ili aanze kazi mapema kesho yake. Asubuhi akaunganisha waya, akapima siku hiyo na siku nane zilizofuata, jua likimchoma shingo mpaka ikambambuka. Siku ya kumi alileta picha. Palikuwa na nyekundu, ndiyo miamba. Palikuwa na buluu nyingi, ndiyo chumvi. Na palikuwa na madoa mawili ya njano, moja chini ya kigingi cha kumi na nne, la pili chini ya kigingi cha thelathini na moja.

"Njano ndiyo maji matamu?" Basilisa aliuliza.

"Moja linaweza kuwa maji matamu kwenye changarawe. Lingine linaweza kuwa mchanga mkavu wenye chumvi kidogo. Umeme unavipita vyote viwili sawasawa."

"Sasa lipi ni lipi?"

"Mashine haionji, Mwalimu."

Na mtambo wa kuchimba ulikuwa unakuja kwa tundu moja tu. Ukikosa, unakunja mabomba yake unakwenda vijiji vingine.

Hapo ndipo alipoingia mtu wa ulimi.

Bibi Udamasi alikuwa anakata magadi ufukoni tangu akiwa msichana. Aliijua pwani ile ya ziwa hatua kwa hatua, kwa kuionja. Alimshika Mshana mkono, akamshusha mpaka kwenye tope, wakazama mpaka vifundoni.

"Huku nakata. Na kule nakata. Hapa katikati kila mwaka naruka, magadi hayagandi. Na wale ndege heroe unaowaona wekundu, wakitaka kunywa maji ya maana wanakuja hapa hapa." Akachota tope kwa kidole, akalionja, akalitema pembeni. "Hapa chumvi imechoka. Onja."

"Nakuamini, bibi."

"Sikukuambia uamini. Nimekuambia onja."

Mshana akaonja, akakunja uso. Kisha akasimama palepale na dira yake, akavuta mstari kutoka miguuni mwa bibi kwenda juu mlimani, kama maji yanavyoshuka. Mstari ukapita kwenye kigingi cha thelathini na moja.

Lakini msimpe bibi kila kitu sasa hivi. Watu walishaufuata ulimi ule mara mbili, wakachimba palepale ufukoni, na mara mbili wakapata maji machungu. Ulimi ulijua maji yanatokea wapi. Yalikopita kabla hayajaharibika, haukujua.

Mtambo ukaja, ukasimama kwenye kigingi cha thelathini na moja, ukachimba. Mita hamsini na mbili chini, maji yakapanda. Hakuna aliyeyaonja, maana pale kuonja ni kunywa, lakini Mshana alitia kipimo chake ndani ya ndoo, akakisoma mara tatu. Matamu. Wanawake wakapiga vigelegele, na Basilisa akaenda nyumbani akiwaza kwamba ana watu wawili wa kuchagua kati yao. Mtaalamu au bibi. Aliona hiyo ni hesabu ngumu. Hakujua kwamba ni ya mwanzo tu.

Siku mbili baadaye Mshana alimkuta shuleni, amebeba karatasi zake.

"Mwalimu, naandika ripoti, na kuna jambo silielewi. Kisima kiko hatua themanini kuelekea mlimani kutoka mahali nilipotega vigingi."

Basilisa aliweka chaki chini. "Unaniambia kisima kimetembea?"

"Ama kimetembea kisima, ama vimetembea vigingi. Nilivitega jioni, nikaandika mahali vilipo. Asubuhi vilikuwa vimesimama vilevile, mstari umenyooka, nafasi zinalingana. Sikuwa na sababu ya kuangalia tena."

Wakaanza kuulizia nyumba kwa nyumba. Walipofika kwa Gidahoda, mfugaji mmoja mkimya mwenye boma juu kidogo ya ufuko, hakukana wala hakukiri. Alisema, "Karibuni mle kwanza."

"Tuna haraka kidogo, mzee," Mshana akaanza.

"Ndiyo, ulisema hivyo mara ya kwanza. Na mara ya pili."

Basilisa akamkanyaga mtaalamu mguu. Wakaketi. Ukaletwa ugali na maziwa ya mgando, wakala mpaka sufuria ikalia. Gidahoda akanawa mikono taratibu, akaikausha, ndipo akafungua mdomo.

"Mstari wako ulipita juu ya kaburi la baba yangu."

Mshana akamgeukia. "Mbona niliuliza mkutanoni? Nilisema, mwenye neno kuhusu njia ya vigingi aseme."

"Katika nyumba yetu, kaburi la baba halitajwi kwa mgeni ambaye hajala kwetu. Nilikualika mara mbili. Ukasema una ratiba. Ningekuambiaje?"

"Ukavihamisha."

"Alfajiri. Nilitaka kutoa kimoja tu kilichomkanyaga mzee, nikaona mstari utapinda, utadhani nimekuharibia kazi. Nikavihamisha vyote. Kila kimoja hatua themanini kwenda juu, na kati ya kimoja na kingine nikapima hatua sita, kama ulivyopima wewe. Miaka arobaini natembea nyuma ya ng'ombe. Hatua zangu hazipishani."

"Zangu zilipishana," Mshana alisema polepole. "Nakumbuka asubuhi ile nilijisifu moyoni kwamba nimetega vizuri."

Basilisa alicheka, akajaribu kuacha, akashindwa.

Kwa kuwa sasa alikuwa amekula, Mshana aliomba ruhusa apime tena mstari wa kwanza, akiliruka kaburi. Akapewa. Baada ya siku tisa alirudi na picha ya pili, akaiweka mezani kwa Basilisa. Yote ilikuwa buluu. Kigingi cha kwanza mpaka cha arobaini na nane, hakuna hata doa moja la njano.

"Chumvi ya ziwa imepenya chini ya ardhi mpaka pale," akasema. "Inaishia kama hatua hamsini juu yake. Vigingi vyangu vingebaki nilipovitega, ningewaandikia kwamba Endasheri haina maji matamu. Ningekunja waya nikaondoka, na ningekuwa na hakika kabisa."

Kwa hiyo wakawa watatu. Na siku ya kufungua kisima ikafika.

Pampu ilikuwa tayari. Madumu ya njano yalijipanga kutoka kisimani mpaka ukuta wa shule, na nyuma ya madumu walisimama ng'ombe. Basilisa alisimama mbele ya wote na kata ya kibuyu mkononi, na mbele yake walisimama wale watatu. Alikuwa amelala na uamuzi mmoja na kuamka na mwingine, na njiani kuja alipata wa tatu.

Mshana alisema kwanza. "Mimi sina ng'ombe, wala sitakaa hapa. Birika sina haja nalo, ila jina nalihitaji. Vijiji vitano vya ziwa hili vinasubiri kupimwa. Mkisema kisima hiki kilipatikana kwa kung'oa vigingi, nikifika huko watang'oa vyote wakidhani ndiyo dawa yenyewe, na watakosa maji. Bila picha yangu, bibi angekuwa bado anaonja tope, na Mzee Gidahoda asingekuwa na kitu cha kuhamisha."

Basilisa akaona mtu huyu amesema kweli, akamgeukia na kata.

Bibi Udamasi akakohoa. "Mimi sina mume, sina mtoto wa kiume. Kule mlimani nachota wa mwisho, siku nyingine nachota tope. Wajukuu wangu wawili wako darasani kwako, Mwalimu. Sema mwenyewe umewaona Ijumaa ngapi mwaka huu."

Basilisa akatazama chini.

"Basi. Bila ulimi wangu, huyu bwana alikuwa na madoa mawili na tundu moja. Angechagua kwa kurusha kokoto."

Naye Basilisa akaona amesema kweli, akageuza kata.

Mtu akapaza sauti kutoka kwenye foleni. "Na una hakika gani, bibi, kwamba kigingi cha kumi na nne hakina maji matamu pia? Labda pote yapo."

Bibi akamtazama mtaalamu, mtaalamu akafuta miwani. "Hatujui," akasema. "Hatukuchimba."

"Kwa hiyo labda bibi hakutusaidia chochote."

"Labda," mtaalamu akajibu. "Na labda bila yeye pangekuwa na tundu kavu hapa na mimi nisingekuwepo kujibu maswali yako."

Kata ikabaki katikati.

Gidahoda alisema mwisho. "Ng'ombe wangu walikuwa themanini. Wale kumi na mmoja mnaowaona ndio wote, na kiangazi kingine hawatakiona kama watasubiri zamu nyuma ya watu. Sikuwa natafuta maji, sitawadanganya. Nilitaka baba yangu asikanyagwe. Lakini sheria yetu haimuulizi mtu alikuwa anatafuta nini. Inauliza maji yamepatikana kwa mkono wa nani. Wa mtaalamu ulitega kwenye chumvi. Wangu ndio uliovitoa humo."

"Kwa hiyo hata fisi akichimbua maji kwa bahati, tumpe kibuyu anywe?" akauliza mmoja.

"Fisi hajapanga vigingi arobaini na nane."

Watu wakacheka, hata waliokuwa hawamtaki. Na Basilisa, Mungu amsaidie, akaona huyu naye amesema kweli. Ndiyo taabu ya mtu anayesikiliza kwa makini.

Alijaribu hesabu, kwa sababu ndiyo kazi yake. Wangekuwa wamejumlisha, angejua nani ametoa zaidi. Lakini hawa walikuwa wamezidisha: ukimwondoa yeyote mmoja, jibu linakuwa sifuri. Kila mmoja alikuwa ameleta kila kitu. Sasa mwalimu anagawaje kila kitu kwa watatu, abaki na mmoja?

"Nina pendekezo," akawaambia wazee. "Jina apewe Bwana Mshana. Birika apewe Mzee Gidahoda. Bibi anywe wa kwanza."

Mzee Qamara, mkubwa wao, alitikisa kichwa kabla hajamaliza. "Mwalimu, wawili walitufukia kisima. Wewe unatuletea watatu."

"Basi sisi sote tunywe pamoja."

"Hapo utakuwa umetuletea mia nne."

"Na nikimpa asiyestahili?"

"Wanaoona wamedhulumiwa watageuza ng'ombe na madumu, hawatarudi hapa. Wako watu wa bibi hapa, wako watu wa Gidahoda, na wako wanaosema mtaalamu ndiye. Utapoteza wa upande mmoja tu, kama ukichagua vizuri. Ukichagua vibaya, wa pande mbili."

"Na nisipochagua?"

"Pampu unaiona. Mdomo wa kwanza haina. Itakaa hivyo."

Basilisa akashika mpini wa pampu, akasukuma mara nne. Maji yakatoka meupe kwa povu, yakatulia, yakajaa kata mpaka ukingoni. Hapakuwa na sauti ila ya ng'ombe waliosikia harufu. Mshana hakumtazama. Bibi Udamasi alimtazama mno. Gidahoda alitazama maji.

Jua lilikuwa limepanda. Mbele kabisa ya foleni, wasichana wanne wa darasa la sita walinong'onezana. Wanajua hesabu wale, aliwafundisha mwenyewe: saa nne kwenda na kurudi, na kama hutaondoka sasa hivi utarejea jua limezama. Wawili walikuwa wajukuu wa bibi, mmoja binti wa Gidahoda, wa nne hakuwa wa yeyote kati ya hao watatu. Wakainama, wakachukua madumu yao matupu, wakatoka kwenye foleni bila kuaga, wakashika njia ya mlimani.

"Subirini," Basilisa akawaambia.

Wakasimama, wakageuka. Wakamtazama kama wanavyomtazama akiwa ubaoni, wakingoja jibu litoke kwake. Kata ilikuwa imejaa, na maji yakawa yanamwagika kidogo kidogo juu ya vidole.

Akapiga hatua moja mbele na kuinyoosha kata.

Haya, ninyi mliokaa hapa mkisikiliza. Msiniulize mimi aliinyoosha kwa nani, maana nami nimemgeuzia kata kila mmoja wao moyoni na kila mara nimeona sawa. Wasichana wamesimama njiani na madumu matupu, na mlima uko mbali. Ingekuwa kata iko mikononi mwenu, mngemnywesha nani?